Tawi Nililotembeza

"Agronome, kuja uone. Tomati ziko zinaoza!"

Mama Célestine hakunisalimu hata. Alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya nyumba yake, hapa Kasenga, mahali alipopanda miche thelathini ya nyanya. Siku sita tu nyuma yote ilikuwa ya kijani. Sasa majani yalikuwa na mabaka ya kahawia kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na nilipogeuza moja niliona ukungu mweupe chini yake. Mashina yalikuwa yameanza kuwa meusi. Ilikuwa mildiu, ugonjwa unaomaliza bustani kwa wiki moja mvua ikiendelea.

"Mbegu ya mama yangu hii," alisema. "Nilitoka nayo Luberizi. Hakuna mwingine anayo."

"Nani aliingia humu, mama? Mulileta miche ya wengine?"

"Nani aingie? Ni weye tu, na lile tawi lako."

Nililikumbuka. Tangu nipate diplome yangu ya kilimo natembea nyumba kwa nyumba kufundisha, na wiki ile nilibeba tawi lenye mildiu kutoka bustani moja ya Kavimvira, ili watu waujue ugonjwa kwa macho. Hapa tulilipitisha mkono kwa mkono. Mama aliligeuza, akasifu masomo yangu, kisha akaenda moja kwa moja kufunga nyanya zake kwenye vijiti, majani yakiwa bado na maji ya mvua. Nami nilimtazama nikifurahi.

"Mama, ni mimi niliyeuleta."

Alinikazia macho. "Miaka mitano ya chuo! Na mjukuu wangu wa miaka minne anajua kunawa."

Tulinawa kwa sabuni. Tuling'oa miche iliyougua, tukaifungia kwenye mifuko. Kando ya ukuta, mitatu ambayo hakuifikia siku ile ilikuwa bado mizima. Nilikata majani yaliyogusa udongo, nikamwomba amwagilie asubuhi, kwenye shina tu. Kwenye hiyo mitatu, nyanya mbili zilikuwa zimeiva. Alizikamulia mbegu kwenye kikombe.

"Tawi lile ulilipeleka kwa wangapi?"

"Nyumba saba."

"Sasa unangoja nini hapa?"

Nilikimbia. Kwenye mlango wa kwanza Mama Yasmine alitoka akicheka, kamba za kufungia nyanya begani.

"Karibu, agronome! Leo umetuletea nini?"