Viti vya Mstari wa Mbele

Maji ya kuoga ya wageni yalikuwa yameanza kuchemka Babirye alipoona pikapu ya ofisi ya ushuru ikisimama mlangoni. Gesti yake ya mabati ilikuwa nyuma ya soko la Custom mjini Juba, na wengi waliolala humo walikuwa wanawake wanaoleta vitunguu kutoka Uganda. Juu ya bei ya kitanda, kila mmoja alilipa ushuru wa hoteli. Babirye aliukusanya, Lokosang wa ofisi ya ushuru akauchukua, nao ulikuwa wa kujengea ukumbi wa mikutano karibu na mto.

Leo Lokosang hakufuata pesa. Jiwe la msingi lingewekwa saa nne na viti havikutosha. Hoteli kubwa zilikataa kutoa vyao. Alitaka viti vyote vya plastiki vya gesti.

"Ushuru nalipa," Babirye alisema. "Na viti pia?"

"Mama, hii iko kazi ya serikali. Leseni yako inaisha Ijumaa. Nani anagonga muhuri?"

Aliyeugonga alikuwa Lokosang mwenyewe. Gesti ya jirani, iliyoukosa muhuri huo, ilikuwa na kufuli la ofisi mlangoni tangu Pasaka. Babirye akauliza kama wageni wake wataweza kulala huko ukumbini. Lokosang akacheka. Vyumba vitakuwepo, akasema, lakini vya wajumbe.

"Khalas, basi. Pakia," Babirye alisema.

Pikapu ilipoondoka, akaenda kugonga milango ya vyumba kuwaita wageni wake.

Huko mtoni viti vyake vilipangwa mbele kabisa, kwa kuwa vilikuwa safi. Kila kimoja kilikuwa na B nyekundu mgongoni, kama watu wa Juba wanavyotia alama viti kabla ya kuviazimisha kwa harusi na matanga. Wanawake wa gesti waliingia kwa miguu, vitenge vikiwa na maganda ya vitunguu, wakaitafuta ile B, wakakaa.

Lokosang alikuja mbio. Kwa sauti ya chini akawaambia wahamie nyuma, wakasimame; hapo ni pa wakubwa.

"Hii viti iko yangu," Babirye alisema. "Na hii ukumbi, hawa ndio wanalipa. Kila usiku. Wewe mwenyewe unachukua."

"Ijumaa utanijua."

"Ijumaa njoo. Leo tunakaa."

Daphine, muuza vitunguu, akauliza kwa sauti kama ukumbini kutakuwa na maji ya moto ya kuoga. Wenzake wakacheka. King'ora cha msafara wa wakubwa kikalia getini, Lokosang akageuka kutazama, na hakuna mwanamke aliyeinuka. Babirye akavuta kiti kilichobaki, akakipangusa kwa kiganja, akaketi.