Projekta Iliyopitia Nakonde

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Tunduma iliamka ndani ya ukungu. Malori ya foleni ya mpakani yalionekana taa tu, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Osea Simkonda hakunywa chai. Alikuwa amefunga, siku ya tatu, kwa ajili ya boksi.

Boksi lenyewe lilikuwa limeshafika. Saa moja kasoro, Rabson, rafiki yake mwenye kibanda cha vocha upande wa pili, Nakonde, Zambia, alimtumia ujumbe kwamba mzigo umetua. Osea akapiga magoti kando ya cherehani yake, akashukuru, akaomba na msamaha wa mapema kwa majivuno ambayo alijua yangemjia mchana. Kisha akakunja kitenge cha kufungia mzigo, akatoka.

Osea ana miaka hamsini na nne. Ni fundi wa nguo, mzee wa kanisa, na mwanafunzi wa masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi. Wako kumi na mmoja darasani, wote watu wazima, na Novemba watafanya mtihani wa taifa kama watoto wa watu. Mwalimu wao, Jenista, ni binti wa miaka ishirini na saba ambaye huwaamkia shikamoo wote kwanza, halafu ndipo anawakemea.

Shida ya darasa hilo ilikuwa ubao. Balbu ya ukumbi ni moja, macho ya wanafunzi ni ya miaka mingi, na Loisi, mkubwa wao wote, alikuwa haoni kitu akiwa amekaa. Ilimbidi asimame pua ikigusa chaki, na akisimama hapo, wengine kumi walikuwa wanasoma mgongo wake. Mwezi wa nne Loisi alisema ataliaga darasa mwisho wa Juni. Amelea watoto saba bila kujua kugawanya kwa desimali, alisema, basi atakufa hivyohivyo. Alisema kwa kucheka, lakini siku hiyo alisahau daftari lake kwenye benchi, na Loisi si mtu wa kusahau vitu.

Ndipo Jenista alipopendekeza projekta, ya kutupa maandishi ukutani makubwa kama milango. Wakaenda kuulizia katika duka la vifaa vya umeme la Rozi, pale mjini. Rozi ni binti wa Loisi. Baba yake Rozi, marehemu mume wa Loisi, alikuwa wa ukoo mmoja na Osea, kwa hiyo Rozi humwita Osea baba mdogo, na Loisi ni shemeji yake wa kutaniana. Rozi akawatajia shilingi laki sita na ishirini.

Osea alirudi nyumbani akiwa ameumia rohoni. Alikuwa amejifunza kutafuta vitu kwenye simu, tena kwa Kiingereza, na elimu mpya inawasha kama sweta la sufu. Usiku wa pili akaipata projekta ileile, rangi ileile, kwenye duka la ng'ambo la mtandaoni: dola tisini na tano. Akazidisha. Laki mbili na nusu. Akarudia kuzidisha, maana yeye ni mtu anayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Ikaja vilevile.

Alhamisi hiyo alisimama darasani bila kuombwa. Alieleza bei ya ng'ambo, akaeleza bei ya Rozi, akashika kola ya koti lake kama mhubiri mgeni, akasema kwamba kilicho katikati ya bei hizo mbili kina jina, na jina lake ni wizi wa mchana. Loisi alikuwa amekaa benchi la mbele. Alifunga tu kilemba chake upya, polepole. Wanafunzi wakachanga laki nne na nusu, wakamkabidhi Osea, naye akawaahidi kwamba chenji itanunua chaki za mwaka mzima.

Chenji ikaanza kuyeyuka siku hiyohiyo. Duka lilipouliza mzigo uende nchi gani, Osea alichagua Tanzania, na nauli peke yake ikawa dola mia moja na kumi, zaidi ya projekta yenyewe. Akakaa akiitazama simu. Halafu akapata wazo, na kwa bahati mbaya alilifikiria kuwa jibu la maombi. Akabadilisha Tanzania, akaweka Zambia. Nauli ikashuka hadi dola sabini.

Mtu wa Dodoma asingefanya hivyo. Lakini mtu wa Tunduma huenda Nakonde kununua sukari na kurudi kabla maji ya chai hayajachemka. Osea alikuwa amevuka pale maelfu ya mara, na kwake mpaka ulikuwa kama kizingiti cha jikoni: unaujua kwa sababu unainua mguu. Akaandika anwani ya kibanda cha Rabson, akalipa kwa kadi ya kwenye simu, na darasani akasema kwa unyenyekevu wa uongo kwamba Bwana hufungua njia.

Sasa ukungu ulikuwa unainuka, na Osea alikuwa mbele ya kibanda cha Rabson, na boksi lilikuwa mezani, na juu ya boksi kulikuwa na karatasi.

Rabson alimweleza kwa upole kwamba hiyo ni kodi ya Zambia. Kitu kimeingia nchini kutoka ng'ambo, kimelipiwa ushuru, pamoja na malipo ya kampuni iliyokileta. Yeye Rabson alikuwa amelipa jana kwa niaba yake, kwa kwacha, ili mzigo usirudishwe. Osea akabadilisha kichwani. Laki moja na themanini na tano. Aliitoa kwenye akiba yake ya kununulia mabati, aliyokuwa nayo mfukoni, noti kwa noti, akajumlisha kwa sauti ya chini. Projekta, nauli, kodi. Laki sita na ishirini. Bado alikuwa amesimama Zambia, na tayari alikuwa amefika kwenye bei ya Rozi kamili, hakuna hata mia ya kuongeza wala kupunguza. Alijiuliza kama Mungu naye huwa anatania.

"Hilo dogo, batata," Rabson alimwambia, kwa neno lao la kumwita baba. "Kubwa ni kuvuka. Kule kwenu forodha watakutoza tena. Lakini kuna jamaa wa baiskeli anajua njia ya nyuma ya mahindi. Amevusha mafriji, atashindwa hiki? Elfu tano tu."

Kuhusu saa iliyofuata, Osea baadaye hakupenda kuulizwa. Aliomba, ni kweli, lakini aliomba kama mtu anayepiga simu huku akitamani isipokelewe. Alikuwa amelihubiri somo la kumpa Kaisari kilicho cha Kaisari mara mbili mwaka huo, na mara zote mbili Kaisari alikuwa mtu wa mbali, wa Roma. Sasa Kaisari alikuwa na ofisi hatua mia mbili kutoka hapo. Osea akamwomba Mungu ishara. Yule jamaa wa baiskeli akaja, na alikuwa mshirika wa kanisa lao. Alivua kofia, akamsalimu mzee wa kanisa kwa heshima zote, akauliza mzigo ni upi. Osea akasema hakuna mzigo, alikuwa anapumzika tu.

Akalifunga boksi kwa kitenge, akalibeba begani, akaenda nalo mlango wa mbele.

Afisa wa forodha alikuwa mama mtaratibu. Alisoma karatasi zote, akauliza maswali matatu, akamweleza kwamba mzigo utabaki pale hadi atakapokuja na wakala wa kumwandalia nyaraka, na kwamba kodi itapigwa. Osea akajaribu kusema kwamba kodi ameshalipa. Yule mama akamjibu kwamba amelipa Zambia, na akanyoosha kalamu kuelekea dirishani, ambako Zambia ilikuwa inaonekana. Osea alitoka mikono mitupu, kitenge shingoni.

Mawakala hakuwajua. Katika Tunduma nzima alimjua mtu mmoja anayeingiza vifaa vya umeme kila mwezi. Alizunguka soko mara mbili kabla ya kuingia dukani kwa Rozi, na mara ya pili alinunua nyanya ambazo hakuzihitaji.

Rozi alimwamkia, akamvutia kiti, akamwagizia chai. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akachukua projekta kutoka rafu, akaiweka katikati yao.

"Baba mdogo, hii imekuja na wenzake mia nne ndani ya kontena moja, kwa meli, taratibu. Nauli wamegawana. Wakala ni mmoja, karatasi ni moja. Ya kwako imekuja peke yake kwa ndege, kama waziri. Na forodha hawapigi kodi kwenye bei tu, wanapiga kwenye bei pamoja na nauli. Kwa hiyo waziri wako umemlipia kodi mpaka tiketi yake. Tena kwa serikali mbili."

Osea aliangalia nyanya zake. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kwa nini hakumweleza hayo siku ile.

"Hukuniuliza. Ulienda kuuliza simu," Rozi akasema. "Na mama alirudi jioni ile akanikuta najumlisha mauzo. Akaniuliza, mwanangu, unaiba kiasi gani kwa siku? Alikuwa anatania. Lakini hakula."

Osea akakisogeza kando kikombe cha chai ambacho alikuwa hajakigusa. Aliuliza atamlipa nini kwa kumpatia wakala. Rozi akasema wakala atalipwa ujira wake wa kawaida, yeye hataki shilingi. Anataka kitu kimoja: neno lile alilolisema darasani alirudishe palepale alipolisemea, na mama yake akiwa amekaa benchi lilelile.

Jumatatu Osea aliuza magunia matatu ya mahindi ya shamba lake la kijijini Ruanda. Ikatoka kodi, ukatoka ujira wa wakala, na jioni boksi likavuka mpaka likiwa na karatasi nyingi kuliko lori la shaba. Jumla: laki nane. Zile laki tatu na nusu zilizozidi mchango alizitoa mfukoni mwake na hakumdai mtu, kwa kuwa hakuna aliyemtuma kwenda Zambia.

Jumanne jioni wote walikuwapo, na Rozi alikuja akakaa nyuma. Osea akalifungua boksi mbele ya darasa. Projekta ilikuwa nzima, ndogo, nyeupe, nzuri. Kichwa cha waya wake kilikuwa na meno mawili membamba ya bapa, ambayo hayakuingia kwenye soketi yoyote ya ukumbi. Rozi akafungua mkoba wake, akatoa adapta, akaipitisha mbele kutoka mkono hadi mkono.

"Elfu tatu, baba mdogo," akasema. Darasa likacheka, na Osea akacheka nao, kwa sababu kulia kungechukua muda zaidi.

Jenista akazima balbu. Ukuta ukawaka. Aliomba mtu asome swali la kwanza, na kabla Osea hajanyoosha mkono, kama alivyozoea, sauti ikatoka benchi la mbele. Loisi alikuwa amekaa. Hakusimama, hakuinama, hakukunja macho. Alisoma kila neno kwa kulipatia nafasi yake:

"Mzee O. aliona projekta ya shilingi laki mbili na elfu hamsini. Ilipofika darasani, ilikuwa imemgharimu shilingi laki nane. Gharama iliongezeka kwa asilimia ngapi?"

Alipomaliza alibaki ameutazama ukuta. Halafu akasoma tena, mara ya pili, bila kuombwa, na safari hii alikuwa anatabasamu. Kisha akageuka.

"Shemeji, wewe ndiye bingwa wa asilimia humu ndani. Ni ngapi?"

"Mia mbili na ishirini," Osea akasema.

"Na daftari langu liko wapi? Nililiacha humu."

Jenista alikuwa amelitunza mezani kwake tangu mwezi wa nne. Akampelekea. Loisi akalifungua ukurasa mpya, akaandika swali.

Osea akasimama. Alikuwa amejiandaa na hotuba yenye aya mbili za Maandiko, lakini alikuwa amesimama mbele ya projekta, na kivuli chake kilikuwa kimefunika swali zima, na watu kumi wakamwambia kwa pamoja asogee. Akasogea. Zile aya zikampotea. Akamgeukia Loisi, kisha Rozi kule nyuma, akamwomba mwalimu, darasa na Mungu wamshuhudie, akasema kwa sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani:

"Lile neno wizi nililisema mimi, na halikuwa kweli. Nalirudisha. Rozi, binti yangu, nisamehe. Na naahidi mbele yenu wote: taa ya mashine hii ikiungua, nitakwenda kwa miguu yangu dukani kwako, nitauliza bei, nitailipa hiyohiyo utakayonitajia, na nitasema asante."