Seli za Njaa za Namba Tisa

Ödön, mumewe Etelka, alikataa chakula wiki tatu hospitalini, halafu akafa. Kila kijiko kilipomfikia mdomoni alisema, "Nitakula nyumbani." Madaktari wakamwambia mama wa watu kwamba ugonjwa umeshamla ubongo, njaa hana tena, hayo ni maneno tu. Etelka akawaamini. Hakumrudisha nyumbani.

Sasa maabara ya Budapest, ambako Etelka ametia rangi vipande vya ubongo kwa miaka thelathini, imepokea ubongo wa Ödön, kwa wosia wake mwenyewe, pamoja na wa watu wengine kumi na mmoja. Kazi ni kuhesabu seli za njaa zilizosalia kwenye hipothalamasi, pale chini kabisa ya ubongo. Kingamwili inayopakwa kwenye kipande cha ubongo hunasa protini iliyomo katika seli hizo peke yake, rangi ikazigeuza kahawia. Seli za jirani hubaki kama zilivyo. Majina yamefichwa. Kila kioo chenye kipande kina namba tu, na orodha imo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, kabatini kwa Daktari Barna, mkuu wa maabara, ili anayehesabu asipendelee.

Asipendelee, wapi! Etelka aliipenda namba nne tangu asubuhi ya kwanza. Ilikuwa na seli sita tu. Ndiye huyu, alijiambia, njaa ilikwisha kweli, sikumkosea. Alimtamani mtu wake, na kila siku kabla ya kuwasha hadubini aliisalimu namba nne: "Umeamkaje, mzee wangu?"

Namba tisa ilimchosha. Seli mia mbili na kumi, kahawia tupu.

"Lo! Huyu naye mlafi," alimwambia Barna. "Amekufa na sahani mkononi!"

"Mama Etelka, heshimu marehemu," Barna akasema, huku akicheka.

Ijumaa bahasha ikafunguliwa. Barna akaisoma orodha, kicheko kimemwishia.

"Nne ni bibi mmoja wa mji wa Szeged."

"Na wangu?"

"Mama, seli kuwepo si kusema zilikuwa zinafanya kazi..."

"Barna. Wangu yupi?"

"Tisa."

Etelka hakulia mbele yake. Barna alipotoka, Etelka alikirudisha kioo cha tisa chini ya hadubini, akaanza kuhesabu upya, polepole, moja moja. Alipofika mia na kitu, machozi yakamziba macho.

"Supu yako ya cheri, ile ya baridi unayoipenda, ilikuwa kwenye friji, Ödön," alisema. "Wiki zote tatu ilikuwa kwenye friji."