Mlangoni kwa Onyiego

Mzee Angwenyi wa Keumbu hakuwa amewahi kukaa mbele ya kompyuta tangu azaliwe. Lakini hiyo Jumatatu ya 1998 alikuwa Kisii mjini, dukani kwa Padma, mama wa kompyuta, kofia magotini, macho kwa skrini, hata chai aliyopewa imepoa!

Kijana yake Onyiego alikuwa Amerika mwaka wa sita. Ametuma disketi na barua: "Tata, nimetengeneza mchezo wa boma ya babu, vile ulikuwa unatusimulia. Watoto wa huku wanacheza wajue Abagusii waliishi aje. Nyumba yangu iko hapo, na mimi niko ndani. Ingia unione."

Kumuona! Mzee hakuwa anataka kitu kingine.

Padma akabonyeza, na kamtu kenye mkuki kakaanza kutembea. "Huyu ni wewe, Baba."

"Mimi? Mbona nimekonda hivi?"

Padma akacheka. Kamtu kakapita zizi, kakapita ghala ya wimbi, na mzee akashika meza. Ghala iko pale pale alikuwa anawasimulia! Ua wa miiba, jiwe la kusagia... kumbe zile jioni zote kijana alikuwa anasikiliza, na yeye baba alidhani kijana amelala.

Wakafika nyumba ya mwisho. Mlango ukafunguka wenyewe.

"Haya, ingia," Padma akasema.

"Simamisha! Simamisha hapo, mama!"

"Nini tena?"

"Kijana yangu ameoa. Siwezi ingia nyumba yake. Kwetu hiyo ni ensoni, aibu kubwa sana. Hata ile yake ya Keumbu najua ukuta wa nje tu."

"Lakini hii ni mchezo, Baba. Nani atakuona?"

"Si wewe umesema huyo ni mimi?"

Padma akaondoa kidole kwa kibonyezo. Hapo mlangoni kulionekana goti moja tu, la mtu ameketi. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Miaka sita, halafu goti!

"Mwite atoke."

"Hawezi. Amechorwa akiwa ameketi."

"Basi mwandikie barua, sasa hivi. Mwambie baba yake amefika, amesimama nje." Akagusa lile goti kwa kioo. "Mwambie atengeneze miguu yake itembee. Atoke, tusalimiane."

Padma akatafuta kalamu.

"Na hiyo mashine usizime," mzee akasema. "Utaniondoa mlangoni."