Kijiti cha Reli ya Kilambo

Mwakio alijitupa kitandani mchana ule akiwa amefura kwa hasira, na ukilala na hasira, yenyewe hailali. Kwa miaka mingi alikuwa ameijenga upya, ndani ya mchezo wa treni wa kompyuta, ile reli ya Kilambo iliyong'olewa yeye akiwa mtoto: stesheni, daraja la mtoni, hata benchi ambapo marehemu mama yake alikuwa akiuza ndizi. Kipande cha kufika mtoni alimpa rafiki yake Kea ili akijaribu. Kea, hana hata haya, akakitangaza mtandaoni kuwa ni chake. Wachezaji wakammiminia sifa, wakimlilia awatengenezee na njia nyingine, za kale zilizokufa na mpya zisizojengwa bado. Kisha akamwandikia mwenye mali: "Kaka, daraja linasumbua. Nirekebishie basi, mashabiki wangu wananichosha." Mwakio akamwandalia toleo lenye sumu, la kuharibu kompyuta ya kila atakayelichukua, ili lawama zimwangukie Kea. Kabla hajalituma, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi ya vumbi jekundu, yenye reli moja isiyo na mwisho, na pembeni yake mashamba ya pilipili tupu. Kwenye stesheni alilakiwa na Bwana Kisasi, stesheni masta mwenye koti lililopigwa pasi vizuri na tabasamu tamu kuliko halua. Treni ilikuwa imesimama, Kea akijishaua kwenye kiti cha dereva. Kisasi akamtia Mwakio mkononi kijiti cha chuma, kile ambacho, kwenye reli moja, dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe. "Mbele daraja halina reli, nimezing'oa mwenyewe," alinong'ona. "Mpe tu, mwanangu. Aende zake." Moyo wa Mwakio ukacheka. Alitamani kuusikia mshindo.

Akapita kando ya mabehewa, kijiti kimenyooshwa, na dirishani akamwona mama yake na kapu la ndizi. "Mwakio," mama akauliza, "njia ni salama?"

Hapo akasogea Bi Haki, mwanamke mkavu mwenye bendera nyekundu kwapani. "Kijiti ni neno," alisema. "Ukikitoa umeapa kwamba njia ni salama, na aliyepanda treni amekuamini wewe, si dereva."

"Kwa hiyo nimsamehe huyu mwizi?"

"Nani kasema habari ya kusamehe? Mwenye kijiti akikizuia, treni haiendi popote, na hakuna aliyekufa."

Mwakio akakikumbatia kijiti kifuani. Kea akapiga honi, akatukana, akapiga tena. Treni haikusogea hata inchi.

Akaamka na jasho, jua bado kali dirishani. Alilifuta lile toleo la sumu. Halafu akaketi akiwa na furaha mbaya, akawaandikia wachezaji wote: reli ya Kilambo inaendelea ng'ambo ya mto hadi mwisho, mwombeni Kea awape kipande hicho. Kipande hicho kilikuwa kwa Mwakio peke yake.

Haikupita muda, simu ikalia. "Kaka," Kea aliandika, "watu wamenikalia kooni. Kile cha ng'ambo ya mto kiko wapi?"

Mwakio alikumbuka uso wa mama dirishani. Hakuwa amesamehe, wala hakujifanya amesamehe.

"Subiri hapo hapo stesheni," akajibu. "Kijiti ninacho mimi."