X Nyekundu Ukutani Kwetu

Mume wangu ni fundi rangi, na mkono wake ni mzuri mno. Leo mkono huo umenivua nguo mbele ya mtaa mzima.

Barabara kuu mpya itapita kwetu. Wapimaji walipiga X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, na wenye X wakaahidiwa fidia. Basi wakaanza kuringa! Mtu anakusalimia huku akikusimulia vigae atakavyoweka huko anakohamia. Ukuta wetu ulikuwa mtupu, hadi asubuhi moja nilipoamka nikaikuta X, nikapiga vigelegele. Mama mkwe, aliyeijenga nyumba hii kwa kufua nguo za watu, alinitazama tu.

Leo tingatinga limekuja, likaanza na sisi. Sebule na chumba cha mama vilikuwa vimeshalala chini msimamizi alipofika mbio na ramani yake.

"Zima! Hii haimo! Nani kakwambia ubomoe?"

"Si ina X, bosi," dereva akasema. "Tena ndiyo inayosomeka kuliko zote."

Nikamvaa msimamizi. Nilimwambia asituletee ujanja wa kutunyima haki yetu, alama wamepiga wenyewe, mtaa mzima shahidi. Nikamburuta hadi kwenye kipande cha ukuta kilichobaki.

"Zetu zina namba chini, mama," akasema taratibu. "Hii haina. Upana wa barabara unaishia pale kwenye mfereji. Nyumba yenu ingebaki, tena ikitazama barabarani."

Ndipo nilipoiangalia ile X sawasawa. Kingo zimenyooka, hakuna hata tone lililochuruzika. Nikageuka. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Jirani mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni wewe?"

"Kila siku ulikuwa unaniambia hata barabara imetukataa," akajibu kwa sauti ndogo.

Ni kweli nilisema, tena mbele ya wageni. Aibu ikanipanda hadi masikioni.

Mama mkwe, ambaye siku hizi hasikii vizuri, alikuwa kwenye kifusi akivuta shuka lake chini ya matofali. Alituona tumeinamisha vichwa, akadhani tumeonewa.

"Mwanangu, usinyamaze!" akapaza sauti. "Simama na mkeo, mdai haki yenu. Aliyenibomolea nyumba yangu aniangalie usoni!"

Hakuna kati yetu aliyeinua kichwa.