Masale Chini ya Dirisha

Jamani, chumba kimeisha! Siku kilipopigwa rangi ya mwisho nilipiga simu Sombetini hata kabla ya kunawa mikono.

“Mama mdogo, shikamoo! Kimeisha! Njoo uone!”

“Marahaba. Kina komeo nje?”

“Hakina! Unafungua mwenyewe, kwa ndani.”

“Nitakuja kuangalia. Kuangalia tu, Aika. Sijasema nitalala.”

Mimi hiyo ilinitosha. Nimemaliza chuo juzi tu, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kuchora jengo, na jengo lenyewe ni wodi mpya ya wagonjwa wa akili, kwenye hospitali moja ya misheni huku chini ya Mlima Meru. Bosi wangu Reginald alitaka tujenge kwanza chumba kimoja cha mfano, watu wakikague, ndipo tujenge vingine. Na mkaguzi nilikuwa naye kwenye ukoo! Mama yangu mdogo, Sabina, aliwahi kulazwa wodi ya zamani palepale. Sasa ugonjwa ulikuwa unamrudia. Halali, hali chakula, anaongea na ukuta. Daktari alisema alazwe, yeye akasema afadhali afe kuliko kufungiwa tena. Mjomba Oscar naye akasema kama ni hivyo atamfungia stoo. Kwa hiyo akikikataa chumba changu, ni stoo.

Na mimi nilijua hatakikataa. Nondo hakuna, kioo ni kile kigumu kisichovunjika. Dirisha liko chini, ukiwa umelala unauona mlima wote. Choo kina mlango wake, siyo ile ya kujisaidia unatazamwa. Na nje, chini ya dirisha, nimepanda masale, ile mimea ya majani marefu! Hiyo ni akili yangu mwenyewe.

Maana kiwanja tulikikuta kichaka, na masale yamesimama humo, hapa moja, pale moja. Mimi Mchaga, Reginald Mchaga, na sisi tukiona sale tunaona mpaka wa shamba. Reginald alicheka mpaka akashika kiuno. “Aliyepima hiki kiwanja alikuwa amelewa mbege! Mpaka gani unapinda hivi?” Tukayang'oa yote, katapila likapita. Mimi nikaona vibaya kuyatupa. Kwetu sale ni la msamaha pia, unalifunga fundo jani lake, unampelekea uliyemkosea, na akiletewa hakatai. Nikasema basi, wodi ya zamani iliwatesa watu, hii mpya iwaombe radhi. Nikayapanda kwa mstari mzuri. Nilimwelezea kila mtu, mpaka fundi bomba alinichoka.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mafundi walikuwa hawali chakula humo ndani, hata jua liwe kali vipi. Romanus, fundi wa tailsi, alisema anasikia watu wananong'ona.

“Ni maji kwenye bomba,” nikamwambia.

“Dada, bomba halijaunganishwa.”

Nikacheka nikaondoka.

Mama mdogo alikuja asubuhi ya ukungu, mlima wenyewe hauonekani. Sista Elinaza, nesi aliyehamia hapo mwaka huu, alimpokea vizuri, wakasalimiana. Akausukuma mlango. Akaingia, akaufunga, akaufungua. Akaufunga tena, akaufungua tena, akacheka! Nilipiga makofi kama mtoto. Akajilaza kitandani, akageukia dirishani.

Akaketi ghafla.

“Nani kayaweka yale pale?”

“Mimi! Si mazuri?”

Alitoka nje, akawa anashika sale mojamoja, kama mtu anayepokea wageni mlangoni.

“Haya tuliyapanda sisi,” akasema.

“Nyie kina nani?”

“Wagonjwa. Mtu akifia wodini na ndugu wasimfuate, kaburi tulikuwa tunachimba sisi. Misalaba ya mbao ililiwa na mchwa. Sale haliliwi. Kila mmoja na lake, upande wa kichwani.”

Elinaza akashika mdomo. “Mama, mimi hakuna aliyeniambia. Kwenye ramani hakuna kitu!”

“Naisula alikuwa kitanda cha jirani na changu. Alikuwa ananisuka. Aika, lake ni lipi?”

Nikayatazama. Yanafanana yote.

“Sijui, mama mdogo.”

“Ulilitoa wapi?”

Udongo ulikuwa umesawazishwa mpaka ukutani, na chumba changu kimekaa juu yake.

“Sijui.”

Reginald, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alinivuta pembeni. “Usilikuze. Tukisema, saiti inafungwa leo. Halafu mama yako mdogo anaenda wapi? Si stoo?”

Nilijua anasema kweli, na ndicho kilichonitisha. Nikachuma jani, nikalifunga fundo, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

Akalitazama. “Mimi siwezi kulipokea. Hujanikosea mimi.”

“Sasa nimpelekee nani?”

“Si ndiyo hapo.”

Nikaona yameisha. Nikatoa simu nimwite bodaboda amrudishe. Kugeuka, namwona anavua viatu mlangoni.

“Na nyie vueni.”

“Mama mdogo, siyo lazima. Siwezi kukulaza juu ya...”

“Nikikaa stoo ya Oscar, hawa waliolala huku nani anawajua?”

Tukavua. Reginald pia, soksi imetoboka, wala hakuna aliyecheka. Sakafu ilikuwa ya vuguvugu, na siku hiyo jua halikutoka kabisa. Mama mdogo akainama, akapapasa tailsi kwa kiganja, akasogea, akapapasa tena.

“Kitanda kitoke hapa. Mmemlalia mtu.”

Tukakisukuma, mimi na Elinaza, mpaka akasema basi.

“Hivyo vyumba vingine,” akamwambia Reginald, “mvipeleke kule juu, nyuma ya jiko. Huku msichimbe tena hata shimo la mti.”

“Tutahamisha, mama.”

“Hujaniangalia.”

Akamwangalia. “Tutahamisha.”

Elinaza akaleta dawa na maji. Mama mdogo akaviweka vidonge mdomoni, akanywa, akajilaza akiwa ameupa mlima mgongo. Hakutaka mlango ufungwe. Halafu akaanza kutaja majina, moja moja, akimtaka sista ayarudie nyuma yake.

“Naisula,” akasema.

“Naisula,” Elinaza akasema, sauti ndogo kabisa.

“Sema kwa nguvu, sista. Hii sakafu yenu ni nene.”